Nimepata nafasi ya kusoma falsafa Ujerumani, hela sina na nyumbani wamenichoka

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Morogoro. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza shahada ya kwanza ya falsafa kwa GPA (wastani wa alama) ya 4.1 kati ya 5. Ajira ya falsafa sikuiona, nikapata kazi ya ofisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha. Mshahara wa msingi ni 680,000 na bodi ya mikopo inanikata. Nashughulika na vikundi: kina mama watano watano wanadhaminiana, mmoja asipoleta marejesho wenzake wanamlipia.

Falsafa haikunitoka. Usiku nasoma mpaka saa 8. Mwezi uliopita nimekubaliwa kusoma uzamili wa falsafa katika chuo kimoja cha umma Ujerumani. Ada hakuna, ila ufadhili nao hakuna, na ubalozi unataka nionyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima. Nimefikiria kukopa kazini na kuweka rehani kiwanja nilichonunua na kaka.

Kaka ndiye aliyenilea na kunisomesha. Anasema falsafa ni ya mapadri na watoto wa matajiri, nisome CPA, yaani uhasibu. Mchumba wangu anasema nimekuwa mtu wa kubishana, kila neno nataka kulipasua. Siku ya posa, nilipoitwa kuulizwa kama nawatambua wageni, niliwauliza wazee mbele ya mshenga: kama mahari ni shukrani, kwa nini inapangiwa bei? Baba mdogo hanisemeshi mpaka leo.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Mambo niliyoyaamini tangu Kipaimara yanayumba. Usingizi umepotea, chakula sikitamani, hata kitabu chenyewe wiki hizi tatu nakifungua tu nakitazama. Je, falsafa imeniharibu? Niache kazi niende, au niachane nayo kabisa?

Njia Panda, Morogoro

JIBU

Marahaba, binti.

Umefunga mambo manne kwenye pindo moja la kanga: hela, kazi, watu na usingizi. Naanza na hela kwa sababu ndiyo yenye tarehe ya mwisho.

Usikope, na kiwanja usikiguse. Kwa kiwango kilichowekwa Septemba 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya huonyesha euro 11,904 kwenye akaunti ya zuio, ile wenyewe wanayoiita Sperrkonto, kisha huruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 30. Uzamili ni miaka 2, kwa hiyo ukienda kuongeza kibali utaulizwa tena utaishi kwa nini. Sasa weka mshahara wako mezani. Toa NSSF asilimia 10, yaani 68,000. Toa kodi ya mapato, 38,400. Toa bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 102,000. Zinabaki 471,600. Milioni 30 ni mshahara wa mkononi wa zaidi ya miaka 5, kama huli, hupandi daladala wala hununui bando. Wewe ni ofisa mikopo. Mteja akikuletea maombi ya namna hii, fomu yake ungeirudisha kabla hajakaa.

Watakuambia utafanya kazi huko huko. Sheria inaruhusu: tangu Machi 2024 ni siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Shida ni kwamba asiyejua Kijerumani hupata zaidi kazi za ghala, jikoni na usafi, na bima ya afya peke yake inakula zaidi ya euro 130 kila mwezi. Falsafa husomwa polepole, kurasa chache kwa saa. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hupitisha macho kwenye kurasa 40 asibaki na hata hoja moja. Hapo alama huanza kushuka, na kwako alama ndiyo mlango wenyewe: matangazo ya kazi ya Mhadhiri Msaidizi katika vyuo vyetu vya umma kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. La kwanza umeshalivuka. Ukirudi na uzamili dhaifu, 4.1 yako haitakuokoa, na deni litakuwa palepale. (Na ujue Wajerumani huhesabu kinyume: 1.0 ndiyo alama ya juu, 4.0 ni ya kupita kwa taabu. Cheti cha nje hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa kabla hujaomba kazi, ili mtu wa ofisini asije akaisoma 1.3 yako kama kituko.)

Kuna milango miwili isiyodai kiwanja. Wa kwanza ni ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Angalia saa yake: kwa kawaida hawampokei mtu ambaye shahada yake ya mwisho imepita miaka 6. Wewe umeshatumia 3. Wa pili ni uzamivu wa Marekani, ambako idara nyingi za falsafa huchukua mtu mwenye shahada ya kwanza tu, humsamehe ada na kumpa posho ya miaka 5 au zaidi kwa kufundisha semina. Ushindani ni mkali, maana idara zenye jina hupata maombi mia kadhaa kwa nafasi zisizofika 10. Maombi hufungwa kati ya Desemba na katikati ya Januari, na aliyepewa ofa yenye posho kwa kawaida ana hadi Aprili 15 kuamua. Ada ya maombi iombee msamaha kwa barua pepe kabla hujalipa. Baadhi ya vyuo vinao utaratibu huo, ila asiyeuliza hulipa.

Ninachokushauri ni hiki: falsafa usiilipie kwa fedha usizokuwa nazo, ilipie kwa saa ulizonazo, na uzihesabu kama unavyohesabu marejesho. Jipe miezi 12 bila kuacha kazi.

Sababu ya kutokuacha kazi si mshahara peke yake. Umeandika sentensi moja ukaipita kama si kitu: kina mama watano wanadhaminiana, mmoja asipolipa wenzake wanamlipia. Binti, hilo ni tatizo la kifalsafa la kutosha uzamivu mzima. Mtu anawezaje kuwajibika kwa kosa ambalo hakulifanya? Mwanafalsafa H. D. Lewis aliandika mwaka 1948 kwamba uwajibikaji wa pamoja ni ushenzi. Mwenzake wa Marekani, Joel Feinberg, katika makala ya 1968, akatenganisha hatia na dhima: hatia haihamishiki, lakini dhima ya kulipa inaweza kubebwa na kikundi pale ambapo kuna mshikamano wa kweli, kila mmoja alijulishwa mapema, na wanakikundi wana uwezo wa kuangaliana. Sasa pima vikundi vyako kwa vigezo hivyo. Mshikamano upo, au waliunganishwa na ofisa kwa sababu fomu ilidai watu watano? Walijulishwa, au walisaini wakiwa wamesimama? Na yule mama anayefichwa na mumewe alikopeleka hela, wenzake wanaweza kumwangalia kwa njia gani? Msomi aliyeko Heidelberg, kule Ujerumani, hajawahi kukaa kwenye kikundi siku ya marejesho mtu mmoja akakosekana. Wewe unakaa kila wiki, tena unalipwa kukaa.

Ongeza na lugha. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alikuwa na zoezi moja zuri: chukua tatizo la falsafa lililoandikwa kwa lugha ya kigeni, liseme kwa lugha yako, uone kama bado lipo. Kijerumani kina neno moja, Schuld, kwa deni na kwa hatia. Mwanafalsafa wao Nietzsche alilijengea hoja nzima mwaka 1887. Kiswahili kinatenga: deni, hatia, kosa, dhamana, dhima. Mdaiwa si mkosaji mpaka pale anapokwepa. Andika kwanza kwa Kiswahili kila hoja unayotaka kuitetea. Ikivunjika kwa Kiswahili, huenda Kiingereza kilikuwa kinaifunika tu.

Hesabu ya saa ni hii. Jumanne na Alhamisi, saa 11 alfajiri hadi saa 12 na nusu. Jumamosi saa 5 mfululizo, simu ikiwa chumba kingine. Jumla saa 8 kwa wiki. Makala ya falsafa ya kurasa 25 husomwa kurasa 5 kwa saa, kwa hiyo saa 5 za mara ya kwanza, na saa 5 nyingine za kuisoma tena na kuiandikia ukurasa mmoja: mwandishi anadai nini, kwa hatua zipi, hatua ipi ni dhaifu. Makala 10 ni saa 100, yaani miezi mitatu. Usizidishe 10. Anayesoma makala 60 kabla ya kuandika huwa anaogopa kuandika, na kila Jumamosi atapata sababu ya kusoma moja zaidi.

Mwezi wa 4, andika ukurasa mmoja wenye dai lako kwa sentensi moja, sababu tatu, na pingamizi kali kuliko yote unayoweza kulifikiria. Mwezi wa 5 hadi wa 7, rasimu ya maneno 6,000 hivi, ambayo ni kurasa 20 zenye nafasi mbili kati ya mistari; idara nyingi hudai sampuli ya uandishi ya kurasa 15 hadi 20. Mwezi wa 8 wape watu wawili: mwalimu wako mmoja wa zamani, na mtu mmoja asiyejua falsafa lakini anajua vikundi. Huyu wa pili ndiye atakayekukamata unapodanganya. Mwezi wa 9 hadi wa 11 unaandika upya, na kuandika upya maana yake ni kufungua ukurasa mtupu. Kurekebisha koma hakuhesabiki.

Sampuli nyingi za kutoka kwetu hukataliwa kwa makosa yaleyale. Mada ni pana kama Ziwa Victoria, mfano "Falsafa ya Kiafrika na Maendeleo". Kurasa 14 za mwanzo zinasimulia walichosema wengine, na mwandishi anatokea kwenye hitimisho. Pingamizi linalojibiwa ni jepesi, limechaguliwa kwa sababu linajibika. Tatu hizo ukiziepuka, tayari umetoka kwenye rundo.

Barua za walimu nazo zina namna yake. Utahitaji tatu kwa Marekani, mara nyingi mbili kwingineko. Mwalimu aliyekufundisha miaka mitatu nyuma anakumbuka sura, hakumbuki hoja, na barua yake itasema ulikuwa na nidhamu na uliwahi darasani. Barua hiyo haina kazi. Mpelekee ile rasimu wiki 8 kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na nusu ukurasa wa kumkumbusha ulichoandika kwake. Hapo atakuwa na cha kusema.

Vifaa havina gharama kubwa. Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia ya falsafa, ipo mtandaoni bure tangu 1995. Akaunti ya bure ya JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, inakusomesha makala hadi 100 kwa mwezi. Na upo mji wenye Jordan University College, ambako falsafa inafundishwa. Nenda maktaba yao uulize utaratibu wa msomaji wa nje. Weka 60,000 kila mwezi pembeni. Mwisho wa mwaka ni 720,000: toa 150,000 za pasipoti, na zinazobaki zielekee kwenye mtihani wa Kiingereza iwapo chuo hakikubali barua kwamba ulisomeshwa kwa lugha hiyo.

Ikifika mwezi wa 12 kurasa 20 hazipo, nawe ulikuwa mzima na ulikuwa na saa zako, basi uzamivu usiuombe. Uzamivu ni zoezi hilohilo mara kumi, ugenini, bila kaka. Utabaki msomaji mzuri wa falsafa, na hiyo si aibu. Hapo ndipo uizungumze CPA kwa moyo mmoja. Ukiisoma sasa kumridhisha kaka tu, utalipia mitihani ya marudio.

Sasa usingizi, na hapa nisikilize vizuri.

Mwaka 1734 kijana wa Uskoti aliyeitwa David Hume, miaka 22, alimwandikia daktari barua inayofanana sana na yako. Alikuwa amejifungia na falsafa tangu miaka 18. Ghafla ari yote ikazimika, hakuweza kushika wazo akalifuata hadi mwisho. Akadhani ni uvivu. Daktari aliyemtibu kabla ya hapo alimcheka akamwambia amepata ugonjwa wa wasomi, akampa dawa chungu, painti ya mvinyo kila siku na kupanda farasi maili 8 hadi 10. Mvinyo usiuchukue. Lakini angalia alichofanya baadaye: alikwenda Bristol akawa karani wa mfanyabiashara wa sukari. Alidumu miezi michache tu, biashara haikumfaa. Kisha akahamia mji mdogo wa La Flèche, Ufaransa, ambako maisha yalikuwa rahisi kwa kipato chake kidogo, na huko akaandika kitabu kilichotoka 1739 na 1740. Watu hawakukinunua. Leo hakuna idara ya falsafa inayokikwepa. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya kitabu hicho anakiri kwamba mashaka yakimzidi, hoja haimtoi. Anachofanya ni kula, kucheza bao la kizungu na kuongea na marafiki, na akirudi kwenye mashaka yake anayaona baridi na ya ajabu.

Kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na kukosa hamu hata ya unachokipenda, kwa zaidi ya wiki 2, ni dalili za sonona. Wewe una wiki 3. Nenda hospitali wiki hii, mweleze daktari hivyo hivyo ulivyonieleza, bila kuipamba kwa falsafa. Watu wenye akili kama yako huchukua ugonjwa wakauita kina cha fikra, wakauacha ukue. Na kuanzia leo hakuna kusoma mashaka baada ya saa 3 usiku. Nimeweka saa za alfajiri kwenye ratiba kwa makusudi. Mpaka daktari aseme sawa, tumia alfajiri mbili hizo kulala.

Kuhusu imani, falsafa inaweza kukubadilisha na sitakudanganya kwamba haiwezi. Ila usitangaze wala kukana chochote ukiwa hupati usingizi wa kutosha. Swali la Mungu limesubiri karne nyingi, litakusubiri hadi Krismasi.

Tukija kwa watu, hapo nadhani umekosea, na si kwa sababu swali lako la mahari ni baya. Ni swali zuri. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuanzia miaka ya 1970, alizunguka vijijini Kenya akihoji wazee wenye busara. Aliwatenga wanaojua mila na kuisimulia, na wanaoichunguza na hata kuipinga. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Walipinga mambo mazito, na watu wakaendelea kuwafuata kwa ushauri. Tofauti yao na wewe ni kwamba wao walifuatwa. Wewe uliitwa kutambua wageni, ukageuza posa kuwa semina, ukamwaibisha baba mdogo mbele ya mshenga asiye na namna ya kujibu. Swali lililoulizwa mahali ambapo mtu hawezi kujibu bila kuvunjiwa heshima halitafuti jibu.

Jiwekee sharti: usiipinge kauli ya mtu kabla hujaisema upya kwa namna ambayo mwenyewe atasema "ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha". Kwa mchumba lifanye mwezi mzima, na swali liwe moja kwa jioni. Mwombe na ruhusa: "Naweza kukuuliza, au umechoka?" Akisema amechoka, funga. Kwa baba mdogo nenda na mtu mzima, shangazi kama yupo, uombe radhi kwa mahali na wakati. Baadaye sana, mkiwa wawili, muulize yeye mahari ya mama mdogo ilikwendaje. Huenda ukapata jibu la swali lako.

Kaka mwonyeshe hesabu yote, pamoja na ile 471,600. Ana hofu ya kulipia mara ya pili, na hofu hiyo ina haki. Ukimwambia huombi senti wala rehani, na kwamba mwaka una mwisho, mtakuwa mnazungumza jambo jingine.

Umeuliza kama imekuharibu. Jaribu kazini wiki ijayo: kwenye taarifa ya kamati ya mikopo, usiandike "mteja ameshindwa kulipa". Andika kama hawezi, hataki, au amezuiwa, na umejuaje. Ofisa asiyesoma falsafa huweka watatu hao kapu moja, na taasisi humwandama aliyezuiwa kama mwizi. Wewe unaweza kuwatenga, na cherehani ya mama mmoja wa Kihonda, hapo Morogoro, haitapigwa mnada. Faida hiyo unayo tayari, hata usipopanda ndege.

Kwa chuo cha Ujerumani, andika kabla ya tarehe waliyokupa, mistari mitatu: unashukuru, huwezi kujiunga msimu huu kwa sababu ya fedha, na unauliza kama nafasi inaweza kuhamishiwa mwaka ujao au uombe upya. Weka nakala kwenye faili pamoja na barua ya kukubaliwa, maana utaitaja ukiomba ufadhili. Ukurasa wako mmoja wa mwezi wa 4 ukiwa tayari, nitumie hapa nikutafutie pingamizi.